Kwa Nini Vita Haviishi kwa Askari Aliyerudi Nyumbani

Mfadhaiko baada ya kiwewe ni ugonjwa unaompata mtu aliyekabiliwa na kifo, jeraha baya au ukatili mkubwa, akaokoka, lakini mwili na akili yake vikaendelea kuishi kana kwamba hatari ile ingalipo. Unaweza kumshika mtu yeyote: aliyenusurika ajali ya basi, aliyebakwa, aliyefukuliwa kwenye kifusi cha tetemeko. Kwa wanajeshi una sura yake ya pekee. Askari hapambani na hatari siku moja na kuachana nayo. Huishi ndani yake kwa miezi, amefunzwa kuifuata badala ya kuikimbia, na mikononi mwake ana silaha ya kuua. Mazoea yanayomlinda huko ndiyo yanayomtesa akirudi uraiani.

Ugonjwa huu, unaofahamika kimataifa kwa herufi PTSD, umebebeshwa majina mengi ya aibu: woga, uvivu, wazimu, kurogwa. Majina hayo yamewaumiza wagonjwa mara ya pili, kwa sababu yamewafanya wafiche maradhi yanayotibika. Kinachoumwa ni mfumo uleule wa kujihami uliomwezesha askari kurudi akiwa hai.

Dalili zake

Madaktari huzigawa dalili katika makundi manne. La kwanza ni kumbukumbu zinazojileta zenyewe. Usiku huja kwa njia ya ndoto za kutisha. Mchana huamshwa na kitu kidogo tu, kama harufu ya dizeli, nyama inayoungua, mlio wa helikopta au fataki za mwaka mpya. Wakati huo mtu hakumbuki tu kilichotokea. Hukiona, hukisikia na kukinusa, moyo ukimwenda mbio na jasho likimtoka, na kwa sekunde au dakika kadhaa anaweza kupoteza habari kuwa yuko nyumbani kwake.

Kundi la pili ni kukwepa. Askari huacha kwenda sokoni kwa sababu ya msongamano, huzima redio taarifa ya habari inapotaja mapigano, hahudhurii misiba, na hata wenzake wa kikosi hapokei simu zao. Wengine hukwepa kwa kufanya kazi bila kupumzika, ili akili isipate nafasi ya kurudi kule.

Kundi la tatu ni mabadiliko ya mawazo na hisia. Mgonjwa hujilaumu kwa vifo ambavyo hakuweza kuvizuia, huamini kwamba dunia nzima ni adui, na hisia zake hufa ganzi. Huwa amekaa na watoto wake wakila, anawaona, lakini furaha aliyokuwa akiipata kwao haiji. Familia nyingi hudhani ameacha kuwapenda, ilhali ganzi hiyo ni sehemu ya ugonjwa.

La nne ni mwili usiotulia. Usingizi hukatikakatika, hasira hulipuka kwa jambo dogo, na macho hayaachi kulinda. Mgonjwa huketi akiwa ameupa ukuta mgongo na kuutazama mlango. Usiku huzunguka kukagua makomeo mara ya tatu na ya nne. Wapo askari wa Marekani waliorudi kutoka Iraki, ambako mabomu yalifichwa kwenye takataka na mizoga kando ya barabara, waliojikuta wakiendesha magari katikati ya barabara za kwao na kukata usukani ghafla kila walipoona mfuko uliotupwa. Kule Iraki kufanya hivyo kulikuwa busara. Kwao kulihatarisha maisha.

Katika siku na wiki za kwanza baada ya tukio la kutisha, dalili kama hizi huwapata watu wengi, na kwa wengi huisha zenyewe. Daktari huziita ugonjwa zikipita mwezi mmoja na zikimvurugia mtu kazi, ndoa au maisha yake ya kila siku. Kwa wanajeshi zinaweza pia kuchelewa. Huweza kujitokeza kikamilifu miezi au miaka baada ya vita, mara nyingi wakati mtu anapoacha jeshi na kupoteza ratiba, cheo na wenzake waliokuwa wakimshikilia.

Kinachotokea ubongoni

Ndani ya ubongo, kila upande, kuna kiini kidogo kiitwacho amigdala. Kazi yake kubwa ni kutambua hatari, nacho hufanya hivyo kabla akili haijapata nafasi ya kufikiri. Kikitoa ishara, adrenalini humwagika katika damu, moyo huongeza kasi, misuli hukaza, na mtu huwa tayari kupigana au kukimbia. Jirani yake ni hipokampasi, sehemu inayoipa kumbukumbu mahali pake na wakati wake: hili lilitokea pale, siku ile, na limekwisha. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, hupima ishara ya amigdala na kuituliza ikibainika kuwa hakuna la kuogopa.

Kwa mgonjwa wa kiwewe, ushirikiano wa sehemu hizi tatu huharibika. Amigdala huitikia kupita kiasi na sehemu ya mbele hushindwa kuituliza. Tukio lenyewe, lililoingia wakati mwili umefurika homoni za hatari, huhifadhiwa vipande vipande: sauti, harufu, sura, maumivu, bila tarehe. Ndiyo maana likirudi huja kama jambo la sasa. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na maabara zimethibitisha kuwa hofu husambaa hivyohivyo, kutoka kwenye kitu kilichoumiza hadi kwenye kila kinachofanana nacho.

Kukwepa ndiko kunakoufanya ugonjwa udumu. Kila mara mtu anapogeuza njia asipite sokoni, hupata nafuu ya papo hapo, na ubongo hujifunza kuwa nafuu ile imetokana na kukimbia. Haupati nafasi ya kugundua kwamba soko halina bomu. Hivyo hofu ya mwaka wa kwanza huwa ingali mbichi katika mwaka wa 20.

Swali lililowasumbua watafiti kwa muda mrefu ni kama ubongo wa mgonjwa huharibiwa na vita au ulikuwa na udhaifu tangu awali. Picha za ubongo zilionyesha kuwa hipokampasi ya wagonjwa wengi ni ndogo kuliko kawaida. Mwaka 2002 kulichapishwa utafiti wa mapacha wa kufanana wa Marekani, ambao mmoja alipigana Vietnam na mwenzake hakwenda vitani. Askari waliougua sana walikuwa na hipokampasi ndogo, na mapacha wao waliobaki nyumbani walikuwa nazo ndogo vilevile. Kwa hiyo, angalau kwa sehemu, tofauti hiyo ilikuwapo kabla ya vita, na huenda iliwafanya wepesi wa kuugua. Hata hivyo mapacha waliobaki hawakuupata ugonjwa wa vita, kwa sababu hawakuviona. Maumbile huweza kumweka mtu karibu na ugonjwa, lakini vita ndivyo vilivyousababisha.

Ugonjwa wa kale, jina jipya

Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, aliandika habari za askari mmoja katika vita vya Marathon vya mwaka 490 kabla ya Kristo, aliyepofuka ghafla bila kuguswa na silaha yoyote baada ya mwenzake kuuawa kando yake. Mwaka 1871, daktari wa Marekani Jacob Mendes Da Costa alieleza hali ya askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo waliolalamika maumivu ya kifua, mapigo ya moyo ya kasi na kuishiwa pumzi, ingawa mioyo yao haikuonyesha ugonjwa wa kueleza mateso yote hayo.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliwatoa wagonjwa kwa maelfu. Mizinga ilipiga mahandaki kwa siku nzima, na wanaume wakatolewa humo wakitetemeka, wakiwa mabubu, wasioweza kutembea. Mwaka 1915 daktari Charles Myers alichapisha maelezo ya hali hiyo chini ya jina la mshtuko wa mabomu, kwa kuwa mwanzoni ilidhaniwa mlipuko wenyewe ndio unaoutikisa ubongo. Baadaye ikaonekana kuwa hata askari waliokuwa mbali na milipuko waliugua. Katika hospitali ya Craiglockhart, karibu na Edinburgh, daktari W. H. R. Rivers aliwatibu maofisa kwa kuwaacha wazungumze waliyoyaona badala ya kuwaamuru wayasahau. Nje ya hospitali za namna hiyo, sheria ya jeshi ilikuwa kali. Askari 306 wa jeshi la Uingereza waliouawa kwa kupigwa risasi kwa makosa kama utoro na woga walikuja kusamehewa kwa sheria mwaka 2006, miaka 90 baada ya wengi wao kuzikwa.

Vita vya Pili havikufuta dharau hiyo. Agosti 1943, kisiwani Sicily, Jenerali George Patton wa Marekani aliingia katika hospitali mbili za kijeshi na kuwazaba makofi askari wawili waliolazwa bila jeraha la kuonekana, akiwaita waoga. Mmoja wao alipopimwa alikutwa pia na malaria. Mkuu wake, Jenerali Dwight Eisenhower, alimlazimisha aombe radhi.

Mabadiliko makubwa yalitoka kwa askari wenyewe. Kuanzia mwaka 1970, wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam walikutana mjini New York kuzungumza kwa vikundi, wakisikilizwa na madaktari wa akili Robert Jay Lifton na Chaim Shatan. Walidai mateso yao yatambuliwe, na mwaka 1980 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kikauingiza ugonjwa huu rasmi katika mwongozo wake wa magonjwa. Kwa Afrika Mashariki jina hilo lilikuja kwa kuchelewa. Askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walikuwa wamepigana katika bonde la Kabaw, Burma, wakati wa Vita vya Pili, miaka 36 kabla yake, na Vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda vilikuwa vimemalizika mwaka mmoja tu uliotangulia.

Nani huugua

Askari wengi waliokwenda vitani hawapati ugonjwa huu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 3.9 ya watu duniani wameugua wakati fulani maishani, na kwamba miongoni mwa waliopitia vita na migogoro ya silaha kiwango hufika asilimia 15.3. Uchunguzi mkubwa wa miaka ya 1980 ulikuta kwamba asilimia 30.9 ya wanaume wa Marekani waliotumikia Vietnam walikuwa wamewahi kuugua, na asilimia 15.2 walikuwa bado wagonjwa. Takwimu hizo zilipopitiwa upya mwaka 2006 kwa kulinganisha maelezo ya askari na kumbukumbu za jeshi, zilishuka hadi asilimia 18.7 na 9.1. Uchambuzi huo mpya ulionyesha wazi pia kwamba kadiri askari alivyokabiliwa na mapigano mengi, ndivyo uwezekano wa kuugua ulivyoongezeka. Nchini Uingereza, utafiti wa mwaka 2018 ulikuta ugonjwa kwa takriban asilimia 6 ya wanajeshi wa zama za vita vya Iraki na Afghanistani, lakini miongoni mwa walioacha jeshi baada ya kuwa mstari wa mbele ulifika asilimia 17.

Zaidi ya wingi wa mapigano, hatari huongezeka kwa aliyejeruhiwa, aliyeua, aliyebeba maiti za wenzake, aliyedhulumiwa kijinsia ndani ya jeshi lenyewe, na aliyelelewa katika ukatili utotoni. Lakini jambo moja lenye uzito mkubwa hutokea baada ya vita: namna askari anavyopokewa. Wengi wa wanajeshi wa Vita vya Pili walirudi kwa meli, kwa siku nyingi wakiwa na wenzao walioyaona yaleyale. Askari wa Vietnam alimaliza zamu yake ya mwaka mmoja, akapanda ndege bila kikosi chake, na siku chache baadaye akawa sebuleni kwa wazazi wake katika nchi iliyogawanyika kuhusu vita vile. Kukosa watu wa kumsikiliza, kukosa kazi na kuandamwa na shida mpya ni miongoni mwa mambo yanayotabiri ugonjwa kwa nguvu zaidi.

Majeraha yanayoandamana nao

Kiwewe mara chache huja peke yake. Pombe na dawa za kulevya hutumiwa kuleta usingizi na kufukuza kumbukumbu, kisha huongeza ugomvi na msongo. Sonona huambatana nacho kwa wagonjwa wengi, na hatari ya kujiua hupanda. Milipuko huweza pia kuujeruhi ubongo wenyewe, na dalili zake, kama vile kusahau, kuumwa kichwa na hasira, hufanana na za kiwewe kiasi kwamba uchunguzi wa makini unahitajika ili kuzitenganisha.

Kuna pia jeraha la dhamiri. Daktari Jonathan Shay, aliyewatibu askari wa Vietnam kwa miaka mingi, alionyesha katika kitabu alichokichapisha mwaka 1994 kwamba baadhi yao hawakuteswa na hofu ya kufa. Walichoteswa nacho ni jambo walilotenda, waliloshindwa kulizuia, au usaliti wa wakubwa wao. Maumivu haya yamejaa hatia na aibu, na kumwambia mtu kwamba sasa yuko salama hakuyatibu.

Jamii nyingi zililijua hili zamani. Waacholi wa kaskazini mwa Uganda huamini kuwa aliyeua huandamwa na cen, roho ya aliyeuawa, inayomletea ndoto mbaya na kumvuruga akili. Wakati wa vita vya waasi wa Lord's Resistance Army, vijana waliotoroka msituni walipokewa kwa kukanyaga yai bichi kabla ya kuingia tena katika jamii, ishara ya kurudishiwa usafi. Tambiko la aina hii peke yake haliwezi kuponya ugonjwa, lakini hutangaza mbele ya watu wote kwamba mtu amerudishwa, na kutengwa ni mojawapo ya mambo yanayouzidisha.

Tiba

Tiba zenye ushahidi bora ni za mazungumzo, na nyingi zinaelekea upande mmoja: kumsaidia mgonjwa alisogelee tukio badala ya kulikimbia, taratibu na mahali salama, mpaka ubongo ujifunze kuwa limepita. Tiba iliyoanzishwa na Edna Foa humwongoza mgonjwa asimulie tukio kwa kina, mara kwa mara, na kurudi hatua kwa hatua katika maeneo anayoyakwepa. Ile ya Patricia Resick, ya vikao vipatavyo 12, hupima imani zilizojengwa na kiwewe, kama ile ya kusema, "Wenzangu walikufa kwa kosa langu." Njia nyingine, iliyobuniwa na Francine Shapiro, humtaka mgonjwa akumbuke tukio huku akifuata kwa macho mwendo wa mkono wa mtaalamu.

Dawa za sonona kama sertralini na paroksetini huwasaidia baadhi ya wagonjwa. Dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu hazipendekezwi, kwani huleta utegemezi bila kuponya. Ukweli mwingine hauna budi kusemwa: uchambuzi wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa wanajeshi wengi waliopata tiba za mazungumzo walipata nafuu ya maana, lakini takriban theluthi mbili bado walikuwa na ugonjwa mwishoni mwa matibabu. Wengine huhitaji tiba ndefu zaidi, au kubadilishiwa njia.

Kwa nchi zenye madaktari wachache wa akili, tiba ya masimulizi ina umuhimu wa pekee. Iliundwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, na sehemu kubwa ya majaribio yake imefanyika Afrika Mashariki na Kati. Mshauri na mgonjwa hutandika kamba sakafuni. Mwanzo wa kamba ni kuzaliwa, na upande wa pili huachwa umekunjwa, kwa sababu maisha hayajaisha. Juu yake mgonjwa huweka maua kwa mambo mema na mawe kwa yale ya kutisha. Wapiganaji wa zamani huongeza vijiti kwa ukatili walioutenda wenyewe. Katika vikao vinavyofuata husimulia maisha yote kwa mpangilio. Kila linapofikiwa jiwe, mshauri humpunguzia mwendo: ulikuwa wapi, saa ngapi, ulisikia nini, mwili ulihisi nini wakati ule, na unahisi nini sasa. Yote huandikwa na kusomwa kikao kinachofuata, na mwishoni mgonjwa hukabidhiwa maandishi ya maisha yake. Vipande visivyo na tarehe hupata hivyo mahali na wakati.

Tiba hii ilijaribiwa kwa wakimbizi nchini Uganda, kisha kwa vijana 85 wa kaskazini mwa nchi hiyo waliowahi kutumikishwa kama askari watoto. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa waliopata tiba ya masimulizi walipona zaidi kuliko waliopewa masomo ya kufidia pamoja na ushauri wa kawaida, na waliowatibu walikuwa wenyeji waliofunzwa kwa kazi hiyo, wasio madaktari. Namna yake mahususi kwa wapiganaji wa zamani imetumika pia mashariki mwa Kongo.

Wajibu wa walio karibu

Familia haiwezi kuwa daktari, lakini inaweza kurahisisha au kuzuia uponaji. Mgonjwa asiguswe ghafla akiwa usingizini. Aitwe jina kwa mbali. Akipatwa na kumbukumbu kali, husaidia kumwambia kwa sauti ya utulivu yuko wapi, leo ni siku gani na nani yuko naye. Asilazimishwe kusimulia, na akianza kusimulia asikatizwe wala asihukumiwe. Silaha isiwepo nyumbani, na maneno ya kutaka kufa yachukuliwe kwa uzito siku hiyohiyo, mgonjwa apelekwe hospitali akiwa na mtu. Mke na watoto nao wana haki ya usalama wao: ugonjwa unaeleza hasira, lakini hauhalalishi kipigo.

Majeshi yana sehemu kubwa zaidi. Askari huficha dalili kwa kuogopa kunyimwa cheo, silaha au safari ijayo, na hofu hiyo itaondoka tu pale kamanda atakapoona kwenda kwa mshauri ni jambo la kawaida kama kwenda kutibiwa mguu uliovunjika. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ni takriban mgonjwa mmoja tu kati ya wanne anayetafuta tiba yoyote. Hadi asilimia 40 ya wagonjwa hupona ndani ya mwaka mmoja, na tiba huweza kufaa hata kwa aliyeugua kwa miongo kadhaa. Nchi inayompeleka kijana vitani ina deni la kuhakikisha kwamba tiba hiyo ipo anaporudi.